Msanii wa jamii asilia akienda Venice: jina lake liko ukutani, sahihi kwenye mkataba ni ya nani?

#1 Ukili_na_Ukindu

Wakuu salaam. Ule uzi wa banda la Tanzania kwenye Bienale ya Venice 2024, maonesho ya sanaa ya kila miaka miwili huko Italia ambako nchi huwa na mabanda yao, ulihama njia, watu wakaanza kuuliza mbona nchi nyingine zinapeleka "watu wa asili" na sisi tunapeleka nani. Swali zuri, ila lilikuwa linazikwa na matani. Nimelifungulia uzi wake.

Tuwekane sawa kwanza. Bienale ya Venice ya 2024, ya 60, mratibu mkuu akiwa Adriano Pedrosa wa Brazil, ndiyo iliyowageuza watu shingo. Tuzo ya Simba wa Dhahabu ya banda bora la taifa ilikwenda Australia kwa kazi ya Archie Moore, ambaye ni Mkamilaroi na Mbigambul, jamii asilia za huko. Simba wa Dhahabu ya mshiriki bora wa maonesho makuu ikaenda kwa Mataaho Collective, wanawake wanne wa Kimaori kutoka New Zealand. Marekani ilimpeleka Jeffrey Gibson, mwenye asili ya Choctaw na Cherokee, msanii wa kwanza wa jamii asilia kulishika banda lile peke yake. Denmark ilimpeleka Inuuteq Storch, mpiga picha wa Greenland, na jina Kalaallit Nunaat, yaani Greenland kwa lugha ya huko, likabandikwa kwenye uso wa banda. Brazil ilibadili hata jina la banda, likaitwa Hãhãwpuá, jina ambalo Wapataxó, jamii asilia ya huko, wanaiita ardhi hiyo. Uso wa jengo kuu la Giardini, bustani za Bienale, ulichorwa wote na kikundi cha MAHKU cha watu wa Huni Kuin wa Amazoni.

Wengi wanaishia hapo, kuhesabu majina. Mimi naomba tuhesabu sahihi. Banda lina viti vinne vyenye nguvu. Kuna kamishna, anayeteuliwa na serikali, ndiye anayezungumza na ofisi ya Bienale na kubeba dhamana. Kuna mratibu anayechagua na kupanga kazi. Kuna mwenye fedha. Halafu kuna msanii. Mtu wa jamii asilia akikaa kiti cha nne peke yake, kazi yake itaelezwa, itapigwa picha, itauzwa na itarudishwa kwa masharti ya wale watatu.

Ndiyo maana mfano wa Canada 1995 bado una uzito: msanii Edward Poitras, mratibu Gerald McMaster, wote wa mataifa ya kwanza, yaani jamii asilia za Canada. Brazil 2024 waratibu walikuwa watatu na wote wa jamii asilia: Arissana Pataxó, Denilson Baniwa na Gustavo Caboco Wapichana. Marekani mwaka huo huo, Kathleen Ash-Milby, Mnavajo, alikuwa miongoni mwa makamishna. Bienale ya Sydney ya 2020 nzima ilikuwa mikononi mwa Brook Andrew, Mwiradjuri, ikaitwa NIRIN, yaani "ukingo" kwa lugha yake. Upande mwingine, banda la Archie Moore liliratibiwa na Ellie Buttrose, ambaye si wa jamii asilia, na likashinda. Kwa hiyo sisemi damu ndiyo kigezo. Nasema kama mratibu si wa jamii husika, basi kinga lazima iwe kwenye karatasi.

Sasa kikwazo ambacho hakisemwi sana. Anayeomba banda la taifa Venice ni dola inayotambuliwa na Italia. Taifa lisilo na dola halina fomu ya kujaza. Linapita mlango wa pembeni wa matukio sambamba, ambao lazima udhaminiwe na taasisi isiyo ya biashara na una ada yake, au linangoja dola iliyolimeza ikubali kusogea. Ndicho walichofanya Wasami, jamii asilia ya kaskazini mwa Ulaya, 2022. Banda la Nordiki (jengo la Sverre Fehn, 1962, lile lenye miti ndani) ni la Norway, Sweden na Finland kwa pamoja. Mwaka huo liliitwa Banda la Wasami, wakaingia Pauliina Feodoroff, Máret Ánne Sara na Anders Sunna. Waratibu Liisa-Rávná Finbog, Beaska Niillas na Katya García-Antón. Nchi tatu zilipaswa kukubaliana kabla ya msumari mmoja kupigwa. Mpango ulitangazwa 2020, ufunguzi 2022.

Wenye ujuzi wa mikataba, usafirishaji na lebo, karibuni. Siasa nyepesi tuziache kule kule.

#2 Wakili_Mvivu

Mkuu Ukili, umeanza pazuri. Naongeza vipengele ambavyo visipokuwepo, mkataba ni barua ya mwaliko tu.

Muda kwanza. Venice inafunguliwa Aprili au Mei, inafungwa Novemba. Ni miezi saba ya maonesho, ukiongeza safari ya kwenda, kusimika, kufungasha na kurudi, kazi iko nje ya nyumba yake miezi kumi hadi kumi na miwili. Mkataba wa kuazima unaosema "muda wote wa maonesho" unaacha miezi mitatu hadi mitano bila mwenyewe. Bima iandikwe tangu kazi inapotolewa mahali ilipo hadi inaporudishwa mahali pale pale. "Kurudishwa nchini" haitoshi, maana kutoka bandarini Dar hadi Mbulu ni safari nyingine na ajali nyingi hutokea huko.

Fedha zitenganishwe mafungu manne yasiyogusana: ada ya msanii, gharama za kutengeneza kazi, posho na nauli, na fungu la vikao vya jamii. La nne ndilo linalosahaulika. Ukitaka ridhaa ya kijiji unalipia usafiri wa wazee, chakula, mkalimani, na siku ya pili ya kikao, kwa sababu siku ya kwanza hakuna jibu linalotolewa na asiyejua hilo hajawahi kukaa kikao. Fungu lisipokuwepo, msanii anatoa kwenye ada yake, halafu taasisi inaandika kwenye ripoti kwamba "jamii ilishirikishwa". Kwa viwango vya ada, Canada ilikuwa nchi ya kwanza kuweka malipo ya lazima ya kuonesha kazi, 1975, na CARFAC, chama cha wasanii wa huko, hutoa jedwali la kima cha chini kila mwaka. Hata kama halikufungi kisheria, lipeleke mezani. Mtu anayetaka kukulipa "fursa ya kuonekana" huona aibu akionyeshwa namba.

Kisha haki. Hakimiliki ya kazi ni ya msanii, sawa. Lakini nakshi, wimbo, jina la ukoo au hadithi iliyomo ndani inaweza kuwa si mali yake peke yake. Andika aya mbili tofauti: moja ya hakimiliki ya msanii, nyingine ya maarifa ya jamii, ikitaja nani anaombwa ruhusa na kwa matumizi gani. Matumizi yatajwe moja moja: katalogi, tovuti, vyombo vya habari, mabango, bidhaa za dukani. Bidhaa za dukani jibu la kawaida liwe hapana. Pale "kwa madhumuni yote ya utangazaji" ndipo nakshi inapoishia kwenye mfuko wa kitambaa wa euro kumi na tano.

Australia wana mwongozo mzuri wa itifaki ulioandaliwa na mwanasheria Terri Janke kwa baraza lao la sanaa, wenye kanuni kumi. Watu huukopi ukurasa wa kanuni wakauacha mkataba ulivyo. Kanuni bila kipengele cha kuvunja mkataba ni salamu tu.

#3 Kapu_Tupu

Naomba kuuliza, mimi mgeni kwenye haya. Kwa nini msanii asisaini mwenyewe yakaisha? Akichora ng'ombe, lazima aombe ruhusa ukoo mzima?

#4 Wakili_Mvivu

Ng'ombe mchore tu ndugu yangu. Tunazungumzia vitu vyenye mwenyewe. Chukua vazi la manyoya mekundu la Watupinambá wa Brazil. Karibu mavazi yote ya zamani yanayojulikana yako makumbusho ya Ulaya. Moja lililokuwa Copenhagen tangu karne ya 17 lilirudi Brazil Julai 2024, miezi ile ile banda la Hãhãwpuá likiwa wazi. Glicéria Tupinambá aliyekuwa bandani anatengeneza mavazi mapya ya namna hiyo, na jina lake halikusimama peke yake: jamii ya Watupinambá ya Serra do Padeiro na Olivença ilitajwa pamoja naye kama mshiriki. Hilo ndilo jibu la swali lako. Pale ambapo kitu ni cha wengi, jina la wengi linaingia kwenye karatasi, na malipo yanafuata jina.

Jambo jingine ni kifo. Kwa jamii nyingi za asili za Australia, mtu akifariki jina na picha yake havitajwi kwa muda. Australia ya kati hutumia jina la badala kama Kwementyaye. Emily Kame Kngwarreye alifariki 1996 na kazi zake zikawa Venice 1997, pamoja na za Yvonne Koolmatrie na Judy Watson. Sasa fikiria maonesho ya miezi saba, msanii ana miaka themanini. Mkataba useme mapema: akifariki, nani katika familia anapigiwa simu, nani anaamua kama picha yake inaondolewa mlangoni, na ndani ya saa ngapi. Ukingoja itokee, utakuta mhudumu wa mapokezi ndiye anayeamua.

#5 FundiKasha

Nyie wa makaratasi mmesahau kwamba kazi inasafiri kwenye mbao. Nianze na kasha lenyewe.

Kasha la mbao linaloingia Ulaya lazima lifuate ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia: mbao zipashwe joto hadi kiini kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha zigongwe muhuri wenye alama ya suke, msimbo wa nchi na herufi HT. Fundi wa mtaani atakutengenezea kasha zuri la mbao zisizo na muhuri na litakwama forodhani, au litachomwa. Plywood haihitaji, kwa sababu gundi na joto la kiwandani vimeshamaliza kazi, ila mbao za fremu na miguu ya chini zinahitaji. Hapo ndipo wengi huanguka: ubao wa juu plywood safi, miguu mbao mbichi.

Venice hakuna lori mlangoni. Mzigo unashuka Mestre au Tronchetto, unapanda boti, unashuka kwa winchi, halafu unasukumwa kwenye madaraja na vichochoro. Pima mlango wa mwisho kabla ya kuunda kasha. Kama banda limekodiwa ndani ya jumba la kale, ngazi ndiyo kipimo chako.

Vitu vitokanavyo na wanyama na mimea. Ngozi, manyoya, ukindu, magome, mapembe, vibuyu. Wadudu wafe kabla ya safari. Funga kazi kwenye nailoni isiyopitisha hewa, igandishe nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, au 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, kisha iache ifikie joto la chumba kwa saa 24 KABLA ya kufungua nailoni. Ukifungua mapema unyevu unatua kwenye kazi badala ya kutua nje ya nailoni, na umebadilisha wadudu kwa ukungu. Shanga za kioo zilizokazwa kwenye ngozi, mpake wa mafuta na udongo mwekundu, kazi zenye nta: hizo usigandishe bila kumuuliza mhifadhi, zitunze kwa njia ya kuondoa oksijeni. Na mafuta yale usiyafute! Kuna wahudumu huona shanga zinang'aa mafuta wakadhani uchafu. Ripoti ya hali ya kazi iseme wazi: "mafuta na udongo ni sehemu ya kazi". Unyevu ukipita asilimia 65 ngozi inaota ukungu, na Venice iko juu ya maji.

Sheria za wanyama na miti. Ngozi ya chui, pembe za ndovu, kasa, usiguse bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mpingo nao umo: jamii yote ya Dalbergia iliingizwa Kiambatisho cha II tangu Januari 2017. Baadaye ikalegezwa, kazi zilizokamilika zenye jumla isiyozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja hazihitaji kibali. Kinyago cha ujamaa cha mita moja na nusu kinavuka kilo 10 bila shida, kwa hiyo kibali kiombwe kabla ya kulipia ndege. Wainuiti wa Aktiki nao wana lao: bidhaa za sili, mnyama wa baharini, zimepigwa marufuku Umoja wa Ulaya kwa sheria ya 2009, na msamaha kwa uwindaji wa jamii zao upo lakini unadai hati ya uthibitisho. Bila hati, kazi ya ngozi ya sili ni magendo kama magendo mengine.

Kosa lililozoeleka kuliko yote: kikundi kupewa bajeti ya mtu mmoja. Angalieni ile Takapau ya Mataaho. Ni mikanda ya polyesta ya kufungia mizigo, ile ile unayoiona kwenye malori, na vifungio vya chuma cha pua, imesukwa juu ya vichwa vya watu chumba kizima kwa mfano wa mkeka wa Kimaori wa kujifungulia. Mwanga ukipita juu, kivuli cha msuko kinashuka sakafuni. Kwenye kasha ni mikanda tu, nyepesi, bei rahisi kusafirisha. Kazi yenyewe iko kwenye mkazo: mkanda mmoja ukilegea, mstari mzima unapinda. Anayejua mkazo ni waliosuka. Tiketi ni nne basi, siyo moja.

#6 Olchani

Wadau, hapo kwa "watu wa asili" mnapita mbio sana. Huku kwetu serikali nyingi husema Waafrika wote ni wa asili, kwa hivyo hakuna wa kupewa jina hilo peke yake. Mwaka wa 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio la haki za watu wa asili, kura zilikuwa 144 za ndiyo na 4 za hapana: Australia, Canada, New Zealand na Marekani. Angalia vizuri, ni nchi zile zile tunazozisifu hapa kwa mabanda yao. Kenya na Burundi zilijizuia. Tanzania ilipiga ndiyo.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu haiangalii nani alifika kwanza. Inaangalia namna ya kuishi inayotegemea ardhi fulani, kusukumwa pembeni, na watu wenyewe kujitambua hivyo. Kwa msingi huo Waendorois wa Kenya walipata uamuzi wao 2010, na Waogiek, wa Kenya pia, wakashinda katika Mahakama ya Afrika, Arusha, 26 Mei 2017, kisha hukumu ya fidia Juni 2022. Kwa hivyo msanii Mwogiek ana hoja ya kisheria, hahitaji huruma ya kamati.

Kuhusu nani anashika kalamu: Kenya tunajua vizuri kuliko wengi. Mabanda yetu ya Venice 2013 na 2015 yalijaa wasanii wa China na Italia. 2015 wasanii walipiga kelele hadi waziri akalikana banda hadharani. Kama taifa zima linaweza kuporwa jina hivyo, jamii ya watu elfu chache itakuwaje?

Cha kufanya. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016. Inatambua jamii kama mwenye mali, inadai ridhaa ya mapema yenye ufahamu, na kuna rejista, kaunti zikishirikiana na bodi ya hakimiliki. Kabla ya kutuma picha moja kwa mratibu wa nje, jamii iwe na karatasi ya kurasa mbili au tatu: sisi ni nani, maamuzi hufanywa na kikao gani, vitu gani havitoki, vitu gani vinatoka kwa masharti, pesa inaingia akaunti gani. Itieni sahihi na muhuri wa chama kilichosajiliwa. Mratibu wa Ulaya anaogopa zaidi karatasi yenye muhuri kuliko hotuba.

Na jihadharini na cheo cha "mshauri wa utamaduni". Hakina kura, mara nyingi hakina malipo, na kazi yake ni kuonekana kwenye picha ya ufunguzi. Ukipewa hicho, uliza mambo mawili: naweza kuzuia kazi isioneshwe? Jina langu liko kwenye orodha ya waratibu au ya shukrani?

#7 Ukili_na_Ukindu

Hapo kwa mshauri umenena, kaka Olchani. Ila sikubaliani kwamba rejista ndiyo kinga. Rejista inasema kitu ni cha nani. Haisemi mratibu akikiuka anafanywa nini huko Italia. Kinga ya Venice iko kwenye mkataba wa Venice. Rejista ni ushahidi wa kuupeleka mezani, siyo zaidi.

#8 Olchani

Sawa, lakini bila ushahidi utapeleka nini mezani? Tuendelee.

#9 MamaLebo

Wanangu, mmemaliza kuta, makasha na mahakama, maandishi ya ukutani hamkuyagusa, na hayo ndiyo mgeni anayoyasoma.

Mpangilio wa lebo: jina la msanii kwa tahajia yake, jamii yake, mwaka na mahali alipozaliwa, kisha jina la kazi kwa lugha asili KWANZA, tafsiri ikifuata, kisha vifaa. Vifaa vitajwe. "Vifaa mchanganyiko" ni uvivu. Kama ni ukindu uliosukwa na wanawake kumi, majina kumi yaandikwe au jina la kikundi chao, kwa ukubwa ule ule wa herufi. Uganda 2022 ilipata tuzo ya kutajwa maalumu, na kazi za Acaye Kerunen pale zilijengwa kwa nyuzi na misuko ya mikono mingi ya wanawake. Kazi za aina hiyo ndizo zinazoulizwa swali la majina kwanza.

Herufi. Andika Máret Ánne bila alama uone kama ni jina lake tena. Fonti nyingi za mabango hazina š, đ, ã, na alama za vidoko vya Kihadza, zile sauti za kugonga ulimi, ndiyo usiseme. Mahali pake panatokea vibox vitupu. Tuma PDF yenye fonti ndani yake, usitume faili la Word. Dai sampuli ya ukubwa halisi, siyo picha ya simu. Na kama maandishi ni ya vinili ya kukatwa, kumbuka mtu anaondoa mabaki kwa kibano: vipande vidogo kuliko vyote ni zile alama za juu ya herufi. Huondoka na takataka. Siku ya kukabidhi banda, pita na orodha ya majina, hesabu alama moja moja.

Njeo za vitenzi. "Wahadzabe waliishi kwa kuwinda." Waliishi? Wako wapi sasa, wamehama dunia? Maandishi ya makumbusho yana ugonjwa wa kuwaweka watu walio hai kwenye wakati uliopita. Kila "-li-" iulizwe imefuata nini.

Na kwa Kiswahili chetu: "sanaa ya jadi", "ngoma za asili", "kabila". Mratibu akitafsiri kwa mazoea anamrudisha msanii wa kisasa kwenye kabati la vioo. Msanii asome kila tafsiri, pamoja na ya Kiswahili, na mkataba umpe siku kumi za kusahihisha, siyo saa mbili usiku wa kuamkia ufunguzi. Urefu: lebo maneno 60 hadi 80, ukuta wa mwanzo 150. Zaidi ya hapo watu wanapiga picha maandishi na kuondoka bila kuyasoma.

Archie Moore alilitatua jambo hili vizuri sana. Mti wa ukoo kwa chaki kwenye kuta nyeusi, unaorudi miaka 65,000, na katikati meza yenye marundo ya nyaraka juu ya maji, nyingi ni za uchunguzi wa vifo vya watu wake mikononi mwa dola. Majina ya marehemu yamezibwa. Ndani ya chumba kile hakuna lebo inayokufokea; mpangilio wenyewe unakulazimisha uinamishe kichwa.

#10 Mtu_wa_Kivu

Salamu toka Bukavu, ndugu zangu. Mmeisahau Congo. Banda la Uholanzi 2024 lilikuwa la CATPC, kikundi cha wasanii wafanyakazi wa mashamba, toka Lusanga kule Kwilu, pamoja na Renzo Martens wa Uholanzi, mratibu Hicham Khalidi. Lusanga zamani iliitwa Leverville, shamba la mawese la kampuni ya Lever. Sanamu zinafinyangwa kwa udongo wa kule, zinapigwa vipimo kwa mashine, halafu zinatengenezwa upya Ulaya kwa kakao na mafuta ya mawese. Pesa ya mauzo inarudi kununua ardhi ya mashamba ya zamani na kuipanda upya.

Kubwa lao lilikuwa lile la Balot. Ni sanamu ya mbao ya afisa Mbelgiji aliyeuawa katika uasi wa Wapende 1931, na leo ni mali ya makumbusho ya Virginia, Marekani. Waliiomba, ikaazimwa ikaenda Lusanga kwenye jumba lao jeupe kwa muda wa Bienale, na Venice watu wakaiona kwa video ya moja kwa moja. Kitu kilienda kijijini, picha ndiyo ilienda Ulaya. Kwa kawaida huwa kinyume.

#11 Ukili_na_Ukindu

Mfano mzuri, na mgumu. Zile sahihi nne ukizihesabu pale: nchi ni Uholanzi, mratibu ni wa huko, jina la Martens liko kando ya kikundi kila mahali. Lakini masharti ya kuazima na matumizi ya pesa yalielekezwa Lusanga. Naona ni afadhali kuliko banda lenye majina yote sahihi na pesa isiyojulikana ilipo. Pauliina Feodoroff naye 2022 aliifunga kazi yake na mpango wa kuchangia ulinzi wa ardhi ya Wasami, na hapo mratibu na msanii walikuwa meza moja.

Fundi, kakao Venice mwezi wa saba inakaaje?

#12 FundiKasha

Vibaya kama hakuna kiyoyozi. Siagi ya kakao inaanza kuyeyuka karibu nyuzi 34, na kabla ya hapo inalegea na kutoa utando mweupe juu. Chumba kikae chini ya 20 na kitu, bila jua la dirishani, na kasha lisafirishwe kwenye gari la baridi. Pia panya, msicheke.

#13 Kapu_Tupu

Asanteni wakubwa. La mwisho: viza. Na hiyo ya Moore ya chaki inarudishwaje nyumbani, wanabeba ukuta?

#14 Wakili_Mvivu

Viza ya muda mfupi ya Schengen, eneo la viza moja la Ulaya lenye Italia ndani yake, ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Maonesho ni miezi saba, kwa hiyo msanii hawezi kukaa yote. Panga siku kwa ajili ya kusimika, ufunguzi, na akiba ya kufungasha Novemba. Siku za Machi na Aprili zinahesabiwa pia, wengi huzisahau. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Uamuzi kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45. Barua ya mwaliko itoke kwa kamishna, itaje majina yote ya kikundi kama yalivyo kwenye pasipoti, itaje anayelipa malazi. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kushughulikia pasipoti mara tu msanii anapoteuliwa, asingoje mkataba. Moore alitangazwa Februari 2023 na akafungua Aprili 2024. Muda wa namna hiyo ukiwa nao, mshukuru Mungu.

Ukuta haubebwi. Serikali ya Australia iliinunua kazi ile na kuitoa kwa pamoja kwa majumba ya sanaa mawili, QAGOMA ya Brisbane na Tate ya Uingereza. Kinachohamishwa ni vitu vya mezani, haki, na maelekezo ya kuichora upya. Chaki ya Venice ilikuwa ya Venice. Kwa kazi ya namna hiyo andikeni kipengele cha mwisho wake: nani anaifuta, kwa kitambaa au kwa rangi, nani wa familia au jamii anakuwepo, na kama kamera inaruhusiwa humo ndani.